Tukisema "Hatuna Nguvu", Tunasema Nini?

Hotuba hii niliitoa Jumamosi alasiri katika ukumbi wa kijamii wa Kaloleni, hapa Nairobi. Wengi walinipigia simu kusema hawakuweza kufika, kwa hiyo nimeiandika yote kama nilivyoisema. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.

Wazee wangu, akina mama, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliojaza viti vya nyuma: hamjambo?

Nina swali kabla ya lolote. Mwenye nguvu humu ndani ni nani? Inueni mikono tuone.

Naona mikono michache, yote ya vijana. Vizuri. Na mwenye mamlaka juu ya nchi hii ya Kenya ni nani? Anayejiona anayo, ainue mkono.

Hakuna. Ukumbi mzima, hakuna.

Ndugu zangu, ukumbi huu umesikia maneno mazito. Mtaa wa Kaloleni ulijengwa miaka ya 1940, na ndani ya kuta hizi kizazi kilichodai uhuru kilikutana, kikabishana, kikapanga. Watu wale kisheria walikuwa watawaliwa. Sheria ya mkoloni haikuwapa sauti yoyote ya maana juu ya nchi yao, na bado walizungumza kama wenye nchi. Leo sisi tuna kura, tuna Katiba, tuna kaunti 47, na tukiulizwa mwenye mamlaka ni nani, tunatazamana. Tumefikaje hapa?

Nimefundisha Kiswahili maisha yangu yote ya kazi, na jibu langu ni la mwalimu wa lugha. Tumechanganya maneno. Tuna nguvu, tuna uwezo, tuna mamlaka, tuna madaraka, tuna utawala, enzi, dola, ushawishi. Vijana wameongeza pawa, na hiyo pawa imeyameza mengine yote. Kila neno kati ya hayo lina kazi yake. Ukiyachanganya ukiwa sokoni, huna hasara. Ukiyachanganya mbele ya dirisha la ofisi ya serikali, utaiacha haki yako pale pale ulipoikuta.

Tuanze na nguvu, maana ndilo neno la kila siku.

Mgonjwa hana nguvu. Dawa imeisha nguvu. Askari wametumia nguvu. Sheria imeanza kuwa na nguvu. Mganga amebandika karatasi kwenye mlingoti wa stima akitangaza nguvu za kiume, na mhubiri ng'ambo ya barabara anakemea nguvu za giza. Neno linabeba mengi kwa sababu halichagui. Mafuriko yana nguvu. Jambazi ana nguvu. Mama anayebeba maji kupanda ngazi za ghorofa ya tano ana nguvu. Nguvu haiulizi haki iko wapi, inauliza tu nani atasogea. Ndiyo maana wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Ni shauri la busara njiani, ukikutana na ndovu. Lakini tumelichukua shauri hilo tukalifanya kuwa uraia wetu, tunampisha kila mtu, hata yule tuliyemwajiri sisi wenyewe.

Wimbo wetu wa taifa mnaujua. Mwanzo wake unamtaja Mungu kuwa ndiye nguvu yetu, halafu unaomba haki iwe ngao. Ubeti wa pili unatuita sisi wenyewe tujitoe kwa nguvu. Upitieni wote, beti tatu, mtafute mahali unapomtaja mtawala. Hamtapaona. Waliouandika waliitaja nguvu mara mbili: mara moja kwa Mungu, mara moja kwa wananchi.

Sasa twendeni pamoja hadi barabara ya Harry Thuku, pale hoteli ya Norfolk na Chuo Kikuu cha Nairobi vinapopakana. Wengi wenu mmepita pale mara nyingi mkikimbilia matatu.

Ni Machi 1922. Harry Thuku ni kijana aliyekuwa akifanya kazi ya simu katika hazina ya serikali ya kikoloni. Anapinga kipande, kile kitambulisho ambacho Mwafrika alilazimishwa kukibeba. Anapinga kodi ya nyumba. Anapinga mishahara kupunguzwa. Anapinga wanawake na wasichana kulazimishwa kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Tarehe 14 anakamatwa. Watu wanakusanyika nje ya kituo cha polisi, maelfu kwa maelfu. Tarehe 16 wajumbe wao wanakwenda kuzungumza na wakubwa wa serikali, wanarudi, wanawaambia watu watawanyike. Baadhi ya wanaume wanaanza kuondoka.

Hapo anasimama Mary Muthoni Nyanjiru. Anainua nguo yake juu na kuwaambia wanaume: haya, chukueni nguo yangu, nanyi nipeni suruali zenu, kiongozi wetu yumo ndani, mnangoja nini? Wanawake wanapiga vigelegele. Umati unasogea mbele. Askari wanafyatua risasi, na inasimuliwa kwamba hata walowezi waliokuwa kwenye baraza ya Norfolk walifyatua zao. Hesabu ya serikali ilisema watu 21 walikufa. Walioona kwa macho walisema ni zaidi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka. Thuku akahamishwa hadi Kismayu, akakaa huko miaka.

Niambieni, siku ile mwenye nguvu alikuwa nani?

Nasikia mtu anasema askari. Ni kweli, ukihesabu risasi. Lakini fikirini ni kwa nini wanawake wale walipiga vigelegele. Kwa Wakikuyu, mwanamke mzima akiwavulia nguo wanaume kwa makusudi, hilo ni jambo zito, linaitwa guturama. Ni laana. Ni kumwambia mtu: nakufuta katika watoto niliowazaa. Serikali ilikuwa na bunduki, ilikuwa na kituo, ilikuwa na kamba za kufungia watu, lakini chombo cha kujibu lile haikuwa nacho, isipokuwa kuua.

Sasa tembeeni kidogo tu kutoka pale, mvuke mji, hadi Uhuru Park, kwenye ile kona tunayoiita Freedom Corner. Ni miaka 70 baadaye. Tarehe 28 Februari 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa wanaketi chini, wanasema hawatakula mpaka wana wao waachiliwe. Ni wanawake wa mashambani, wengi wao wazee. Wangari Maathai yuko pamoja nao. Siku zinapita, watu wa Nairobi wanaanza kumiminika pale kusikiliza, na wengine wanasimama kueleza waliyofanyiwa vizuizini, mambo ambayo hawakuwahi kuyasema hadharani. Tarehe 3 Machi polisi wanafika na gesi ya machozi na rungu. Maathai anapigwa hadi anazirai. Na baadhi ya wale akina mama wanafanya nini? Wanavua nguo. Laana ile ile ya Nyanjiru, katika mji ule ule.

Hawakurudi nyumbani. Walihamia kanisa kuu la All Saints, hatua chache tu, wakakaa humo karibu mwaka mzima, na mapema mwaka 1993 wengi wa wale wafungwa walikuwa wameachiliwa.

Akina mama wale walikuwa na madaraka gani? Hawakuwa nayo. Walikuwa na uwezo gani, kwa maana ya mali? Hawakuwa nao. Walikuwa na mamlaka ya uzazi, ambayo hakuna serikali inayoyatoa, na walikuwa na hoja. Mwana wangu amefungwa kwa kosa gani? Hoja hiyo ilirudiwa kila siku, mwaka mzima, na kila aliyeisikia alibaki anajiuliza jibu. Waswahili tunatofautisha nguvu ya hoja na hoja ya nguvu. Pale kona ya Uhuru Park vilikutana hivyo viwili, uso kwa uso. Hoja ya nguvu ilimaliza kazi yake kwa saa chache. Nguvu ya hoja ilihitaji mwaka.

Sitaki mtu aondoke hapa akisema mwalimu ametutuma tukapigwe. Juni 2024 vijana wa mji huu waliingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha. Rais alikataa kuutia sahihi. Na kuna vijana waliotoka nyumbani kwao wiki ile ambao hawakurudi, na wazazi wao tunaishi nao, tunanunua sukuma kwa mama mboga mmoja. Nguvu ya umma ni ya kweli, na bei yake ni ya kweli. Ndiyo sababu nataka tujue pia maneno mengine, tuone ni wapi nchi hii imetupa njia nyingine ambayo hatuitumii.

Uwezo nitaupitia kwa haraka zaidi, ingawa nao una kisa chake.

Mnaujua upepo wa Loiyangalani, Marsabit, kando ya Ziwa Turkana? Wenyeji wa kule wanakwambia unaweza kumsukuma mtu mzima. Katika nyika ile ilijengwa mitambo 365 ya kuzalisha stima kwa upepo, yenye uwezo wa megawati 310. Mwaka 2017 mitambo yote ilikuwa imesimama wima. Upepo ulikuwapo. Mapanga yalikuwapo. Stima haikutufikia hata kidogo. Kwa nini? Laini ya kuisafirisha hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400, haikuwa imekamilika. Ilikamilika mwaka 2018, na mradi ukazinduliwa rasmi Julai 2019. Muda wote huo hakuna aliyeweza kusema mitambo ile haina uwezo. Uwezo ulikuwapo wote, megawati 310. Kilichokosekana ni njia.

Nimekaa darasani nikawasikia walimu wenzangu wakisema mtoto huyu hana uwezo. Unamwangalia mtoto: hana kitabu, anasomea taa ya koroboi, asubuhi amekuja bila chai. Huyo amekosa uwezo au amekosa laini ya Suswa? Tena lugha yetu imelitumia neno hili kwa ukali. Tunaposema mwenye uwezo tunamaanisha tajiri. Tunaposema asiyejiweza tunamaanisha maskini au mgonjwa. Yaani tumefika mahali ambapo kuweza na kuwa na pesa ni kitu kimoja, na mtoto wa Mukuru anakua akilisikia hilo kila siku. Mimi naomba walimu mlio hapa mliondoe neno hilo katika ripoti za shule. Andikeni kilichokosekana: kitabu, chakula, karo, muda. Kikiandikwa, kuna mtu atakayeulizwa.

Na kwa kuwa nimetaja stima, niwape jambo dogo linalonifurahisha kila ninapolifikiria. Neno stima lilitujia kutoka kwa injini za mvuke, meli na mashine za wazungu. Mtu anayehusishwa zaidi na injini hizo ni James Watt wa Scotland. Ndiye aliyezilinganisha na farasi ili wanunuzi waelewe wanapata nini, na ndiyo asili ya hesabu ya nguvu za farasi, moja ikiwa sawa na takriban wati 746. Jina lake limebaki kwenye kila balbu. Basi neno la mvuke likahamia kwenye umeme, hata pale umeme ulipotoka kwenye maji ya Mto Tana. Halafu mwaka 1981 Olkaria ikaanza kuzalisha umeme kwa mvuke unaotoka chini ya ardhi ya Bonde la Ufa, na leo mvuke huo unatupa sehemu kubwa ya umeme wetu kuliko chanzo kingine chochote. Neno lilitangulia, nchi ikalifuata. Na hiyo kawi tunayoiona kwenye jina la wizara, asili yake ya Kiarabu ni hiyo hiyo nguvu. Ndugu zetu Waislamu mnaijua, imo katika majina ya Mwenyezi Mungu.

Sasa tufike penye uzito. Madaraka na mamlaka.

Maneno haya mawili tunayatumia kama pacha. Si pacha. Madaraka, kwa maana yake ya asili, ni wajibu, ni jukumu la kushughulikia jambo. Mzee akikwambia nimekuachia madaraka ya harusi, amekuachia kazi: hema, viti, pilau, wageni wa mbali walale wapi. Hajakupa bibi harusi. Mamlaka ni jambo jingine. Limetoka ukoo mmoja na milki, na kumiliki, na malkia. Ndani yake mna umiliki. Mwenye mamlaka ni mwenye kitu. Mwenye madaraka ni aliyekabidhiwa kukishughulikia.

Mnadhani nacheza na maneno? Tazameni kalenda yetu. Tarehe 1 Juni 1963 Kenya ilipata nini? Madaraka. Jomo Kenyatta akawa Waziri Mkuu, wizara zikashikwa na watu wetu, lakini ulinzi na mambo ya nje vilibaki kwa Gavana, Mwingereza. Tulikabidhiwa kazi, mali bado ilikuwa ya mwingine, na neno lililochaguliwa lilikuwa sahihi kabisa. Tarehe 12 Desemba 1963 tukapata uhuru. Na baada ya uhuru, mkuu wa nchi alikuwa nani? Malkia wa Uingereza. Ndiyo, Malkia, mwaka mzima baada ya bendera yetu kupanda. Ni tarehe 12 Desemba 1964 tulipokuwa jamhuri, na jamhuri maana yake ni nchi ya umma. Wazee wetu walipanda ngazi tatu: madaraka, uhuru, jamhuri. Walijua kwamba kushika kazi si kumiliki.

Sisi wajukuu wao ndio tuliosahau. Tukaanza kusema fulani ameingia madarakani kana kwamba ameingia peponi. Tukaanza kuhesabu miaka yetu kwa watu: enzi za Kenyatta, enzi za Moi, enzi za Kibaki. Enzi ni neno la utukufu, ndilo lililomo katika Mwenyezi, na sisi tukaligeuza kuwa kalenda ya wanasiasa. Wengi wenu mkisikia neno mamlaka leo mnafikiria Mamlaka ya Mapato, watu wa kodi. Yaani neno linalotaja umiliki wenu limekuwa jina la anayewadai.

Basi sikilizeni. Tarehe 4 Agosti 2010 tulipiga kura. Tarehe 27 Agosti, pale Uhuru Park, Katiba ikaanza kufanya kazi. Kifungu cha kwanza, kabla ya bendera, kabla ya rais, kabla ya Bunge, kinasema mamlaka yote makuu ni ya wananchi wa Kenya. Yote. Kinaendelea kusema wananchi wanaweza kuyatumia wenyewe moja kwa moja, au kupitia kwa wawakilishi waliowachagua. Kisha kinataja wanaokaimishwa: Bunge na mabunge ya kaunti, serikali kuu na zile za kaunti, mahakama. Kifungu cha 73 kinaongeza kwamba anayepewa cheo cha umma amepewa jukumu la kuwatumikia watu, hakupewa nguvu ya kuwatawala. Sikuyatunga mimi. Mliyapigia kura.

Nilipouliza nani ana mamlaka juu ya nchi hii, kila mkono humu ndani ulikuwa na haki ya kuinuka.

Mtaniuliza: mwalimu, mamlaka ya karatasi yana faida gani mbele ya mwenye bunduki? Ni swali la haki, na sitalijibu kwa maneno matupu. Kumbukeni tarehe 1 Septemba 2017. Uchaguzi umefanyika tarehe 8 Agosti, rais aliye madarakani, Uhuru Kenyatta, ametangazwa mshindi, na mpinzani wake, Raila Odinga, amekwenda Mahakama ya Juu. Jaji Mkuu David Maraga anaketi pamoja na wenzake. Majaji wanne kwa wawili wanasema uchaguzi haukufanywa kwa kufuata Katiba, umefutwa, urudiwe ndani ya siku 60. Jengo lile la mahakama halina jeshi. Halina hazina. Maraga hakuwa na kikosi cha kumlazimisha mtu yeyote. Mbele yake alikuwa Amiri Jeshi Mkuu wa nchi. Na Amiri Jeshi Mkuu akasema hakubaliani na uamuzi huo lakini atauheshimu, na tarehe 26 Oktoba nchi ikarudi debeni.

Sisemi kila kilichofuata kilikuwa kizuri. Mwezi ule wa Oktoba ulikuwa mchungu, na familia nyingi mjini humu zina makovu yake. Nasema jambo moja tu: siku ile karatasi ilimsimamisha mwenye bunduki, kwa sababu watu wa kutosha, pamoja na yeye mwenyewe, walikubali karatasi ile ni ya nani. Mamlaka huishi kwa kutambuliwa. Mwenyewe usipoyatambua, nani atayatambua?

Nimeona niwape kisa kimoja cha mtaani kwetu, maana mambo ya Mahakama ya Juu yako mbali na mlango wa mtu.

Kwetu kuna mulika mwizi, zile taa ndefu za barabarani. Zilizimika. Wasichana wanaotoka kazini usiku wakaanza kungojana kwenye steji ili watembee pamoja. Jirani yangu, mama mmoja muuza nguo, alikwenda kwenye ofisi moja ya umma kuuliza. Akaambiwa: mama, hatuna uwezo. Akaenda mara ya pili, akaambiwa hivyo hivyo. Alipokuja kunieleza, nilimwambia arudi awaulize neno kwa neno: hamna uwezo, yaani pesa au mafundi? Hamna mamlaka, yaani si kazi yenu kisheria? Au hamna nia?

Akarudi akauliza, kwa heshima zote. Karani alinyamaza kidogo, kisha akasema ukweli ambao hakuna aliyekuwa amemwambia: kazi hiyo haiko chini yao, iko chini ya ofisi nyingine, na pesa zake zilishatengwa. Mnaona? Neno uwezo lilikuwa pazia. Lilipofunuliwa, nyuma yake palikuwa na ofisi yenye jina na bajeti yenye tarakimu.

Hatua iliyofuata ni ya kisheria, na nataka muishike vizuri. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya mwaka 2016 ya Upatikanaji wa Habari inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu. Ikiwa habari hiyo inahusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Huhitaji wakili. Unaweza kuandika kwa Kiswahili. Haki yako haitegemei sababu ya kuuliza kwako, kwa hiyo mtu akikuuliza habari hizo ni za nini, mjibu kwa upole kwamba sheria haikutaki useme. Wakikaa kimya au wakikunyima, unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Na kama jambo ni kubwa kuliko taa za mtaa, kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni. Kila mtu. Hakikusema kila mwenye shahada.

Mama yule aliandika barua. Nilimsaidia kupanga aya, maneno ni yake. Amejibiwa kwa maandishi: kiasi kilichotengwa, mkandarasi aliyepewa kazi, tarehe aliyotakiwa kumaliza, ambayo imepita. Taa bado hazijawaka, sitawadanganya. Lakini sasa mtaa mzima unajua ni nani aliyeshika madaraka ya taa zile, na watu hawasemi tena hatuna nguvu. Wanasema fulani ana deni letu.

Vijana, pawa mnayoisema ni neno zuri, lina mdundo, sitawanyang'anya. Ninachowaomba ni kwamba mkifika mahali pa kudai, mliache nje kwa muda. Kwenye kikao cha bajeti ya kaunti, kiongozi akisema hana nguvu za kufanya jambo, msimpigie makofi ya huruma wala msimzomee. Muulizeni ni lipi alilolikosa. Akisema uwezo, aonyeshe hesabu. Akisema mamlaka, aonyeshe sheria na aseme nani anayo. Na ninyi mkizungumza juu yenu wenyewe, msiseme hatuna nguvu kabla hamjajua mnakosa nini hasa: huenda ni watu wa kusimama nanyi, huenda ni karatasi moja.

Kwenye meza iliyo karibu na mlango kuna nakala za barua ya kuomba habari, nimeacha nafasi ya jina la ofisi na jambo mnalouliza. Chukueni zaidi ya moja, jirani yako atahitaji. Jumanne saa nne asubuhi mama wa mtaani kwetu anakwenda na majibu yake kwa ile ofisi inayohusika na taa, na ameniomba niwaambie angependa kwenda na watu. Tutakutana kwenye steji saa tatu na nusu.

Sasa maswali. Tuanze na yule mzee aliyeinua mkono hapo kando ya dirisha.